Fedha zimetoka ngapi, kazi imefika wapi? Kufuatilia ujenzi wa serikali kusini mwa Maniema



Kila tunapokutana na wazee wa kanisa kutoka kusini mwa Maniema, swali moja linarudi: ile shule iliyoanzwa, ile barabara iliyopimwa, imekwama wapi? Mara nyingi anayeuliza ana jibu lake tayari: "Wamekula." Huenda wamekula kweli. Lakini neno hilo, hata likisemwa kwa uchungu wa haki, halimlazimishi mtu yeyote kujibu. Anayetaka kujibiwa anahitaji hesabu mbili mkononi: fedha ngapi zimetoka, na kazi imefika wapi. Hesabu ya kwanza iko Kinshasa na Kindu. Ya pili iko huku kwetu, na hakuna afisa wa Kinshasa awezaye kuijua kuliko mama anayepita mbele ya jengo lile kila siku ya soko.

Kufuatilia kazi ya serikali ni kuziweka hesabu hizo mbili kando kwa kando. Tunaeleza hapa jinsi inavyofanyika, kwa sababu makanisa mengi yametuambia yangependa kuanza lakini hayajui washike wapi.

Fedha zinatoka wapi

Mpango unaosemwa zaidi ni PDL-145T, yaani mpango wa maendeleo ya teritwari zote 145 za nchi yetu. Kasongo na Kabambare zimo. Serikali iliukadiria kwa zaidi ya dola bilioni 1.6. Sehemu yake ya kwanza ni ya ujenzi: shule zaidi ya 1,000, vituo vya afya zaidi ya 700, ofisi za teritwari, na barabara za vijijini za kutolea mazao. Serikali haijengi yenyewe. Iligawa teritwari kati ya wasimamizi watatu, ambao ni BCECO, CFEF na PNUD, hili la mwisho likiwa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, nao wakatafuta makampuni ya kujenga. Kwa hiyo kati ya hazina ya Kinshasa na fundi anayepanga matofali kuna msimamizi, kuna kampuni, na pengine kuna kampuni ndogo iliyopewa kazi na ile kubwa. Kila mkono ni mahali ambapo fedha zinaweza kuchelewa, au kupungua.

Si mpango huo peke yake. Barabara zina mfuko wao wa matengenezo, FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na sehemu kubwa ya fedha zake inatoka kwenye mafuta ya gari na pikipiki. Ndiyo kusema kijana wa pikipiki anayenunua lita moja ya mafuta Kasongo amekwisha kuchangia barabara. Anapouliza habari ya madaraja, anauliza juu ya fedha zake.

Halafu kuna madini. Ndugu zetu wa Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, wanaijua Namoya. Mgodi ule wa kampuni ya Banro ulianza kutoa dhahabu ya biashara mwanzo wa 2016, na mwaka 2019 ukasimamisha kazi kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba katika ushuru ambao mgodi unalipa juu ya madini yaliyouzwa, asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ni ya jimbo, 15 ni ya sekta au shefferi ambamo mgodi upo, na 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Zile 15 sheria imezifunga: ni za kujenga vitu vya msingi vya faida ya jamii. Haziwezi kulipa safari ya mkubwa wala kununua viti vya ofisi. Popote penye mgodi wa viwanda unaofanya kazi, swali la kumwuliza chifu wa sekta ni fupi sana: mwaka huu tumepokea kiasi gani, na tumejenga nini?

Kuna jambo moja la sheria ambalo watu wengi hawalitazami. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya masekta na mashefferi inasema bajeti ya sekta ipitishwe na baraza lililochaguliwa na wenyeji. Mabaraza hayo katika masekta yetu hayajachaguliwa hata leo. Chifu anatunga bajeti, na kwa vitendo hakuna mjumbe wa kijiji anayemwuliza. Hatusemi kanisa lijifanye baraza. Tunasema nafasi hiyo iko wazi, na raia hawakatazwi kuuliza wakati inapobaki wazi.

"Imelipwa" maana yake nini?

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo twende polepole.

Fedha ya serikali haitoki kwa hatua moja. Inapita hatua nne, na katika karatasi za Kinshasa utazikuta kwa majina ya Kifaransa. Ya kwanza, "engagement": serikali inajifunga kwamba itafanya kazi fulani kwa bei fulani. Ya pili, "liquidation": wanahakikisha kwamba deni lipo kweli na ni la kiasi gani. Ya tatu, "ordonnancement": mwenye mamlaka anaagiza lilipwe. Ya nne, "paiement": fedha inatoka. Wizara ya Bajeti hutoa kwenye tovuti yake hati za kufuatilia bajeti zenye hatua hizi, na kijana wa kanisa mwenye simu na subira anaweza kuzisoma.

Mkubwa anaposema katika mkutano kwamba "serikali imekwisha kutoa milioni fulani kwa teritwari yetu", mwulizeni kwa heshima: imefika hatua ya ngapi? Mara nyingi inayosemwa kwa sauti kubwa ni hatua ya kwanza, ambayo bado ni ahadi. Na hata ya nne ina mtego wake. Katika mpango kama PDL-145T, hazina ikiandika "imelipwa" maana yake ni kwamba fedha imefika kwa msimamizi. Haijasema kampuni imepata nini. Kwa hiyo waziri anaweza kusema kweli kwamba amelipa, na mwenye kampuni akasema kweli kwamba hajalipwa, na wakati huo huo mafundi wa kijijini wakawa wanadai miezi mitatu. Hakuna aliyedanganya, na shule haina paa.

Hatari kubwa zaidi ni fedha kutangulia mbali mbele ya kazi. Mfano wa karibu ni wa Kisangani. Tarehe 2 Septemba 2025 Mahakama ya Kasasyo mjini Kinshasa ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi za shuruba kwa sababu ya dola milioni 19 zilizokusudiwa kujenga gereza huko Kisangani. Yeye alikana kosa. Fedha zile zilitolewa katika FRIVAO, mfuko wa kuwalipa fidia wahanga wa vita vya Uganda katika nchi yetu, wakiwemo watu wa Kisangani waliopigwa mabomu mwaka 2000. Tunaikumbuka kesi hii kwa sababu hesabu zake mbili zilikuwa rahisi kuweka kando kwa kando: mamilioni yamekwisha kuondoka, na gereza halipo.

Kwetu mambo huwa magumu kidogo kuliko hapo, kwa maana nusu ya jengo huwa imesimama.

Kupima kazi kwa macho na kamba

Chukueni mfano huu wa kufikirika. Shule ya madarasa sita, mkataba wa dola 180,000. Kila mkataba una karatasi ya hesabu ya kazi, "devis", inayoonyesha kila sehemu ina uzito gani. Tuseme msingi ni asilimia 20, kuta 30, manjanja na mbao za paa 25, sakafu, lipu, milango na madirisha 20, na vyoo 5. Leo mkienda mnakuta msingi umekamilika wote. Kuta zimesimama kwa madarasa matatu tu. Hesabu basi: 20 za msingi, na nusu ya 30 za kuta, ambayo ni 15. Kazi imefika asilimia 35, yaani dola 63,000. Mkiambiwa kwamba kampuni imekwisha kulipwa dola 108,000, ambazo ni asilimia 60, kuna tofauti ya dola 45,000.

Je, zimeibwa? Msikimbilie hapo. Makampuni hupewa malipo ya mwanzo ili yanunue vifaa, na malipo hayo hukatwa kidogo kidogo katika malipo yanayofuata. Simenti na manjanja ya Kasongo vinatoka mbali. Vingine huja kwa gari-moshi hadi Samba, vikivushwa mto na kupakiwa tena, na mvua ikiwa imeharibu njia vinaweza kulala wiki nyingi. Kwa hiyo swali la pili ni hili: vifaa viko ghalani? Mifuko mingapi? Manjanja mangapi? Kama ghala limejaa, tofauti imeelezeka. Kama ghala ni tupu, na fundi mkuu hajaonekana tangu Pasaka, hapo mna jambo la kuandika.

Barabara inapimwa kwa namna nyingine. Tingatinga likipita mara moja, barabara inang'aa, watu wanapiga vigelegele, picha zinatumwa. Mvua tatu baadaye imerudi kuwa mto. Kinachofanya barabara ya udongo idumu ni maji kupata pa kwenda: mifereji ya pembeni, buze chini ya njia, na mgongo wa barabara kuinuliwa katikati. Basi msihesabu kilomita peke yake. Hesabuni buze. Pimeni upana kwa kamba mahali pengi, si pale karibu na kibao tu. Andikeni ni madaraja gani yaliyotengenezwa kwa chuma au zege na ni yapi yaliyofunikwa kwa miti mibichi.

Kibao chenyewe ni karatasi ya kwanza ya kusoma. Kibao kamili kinaonyesha kazi ni ipi, nani anagharimia, nani msimamizi, kampuni gani inajenga, nani anakagua, muda ni miezi mingapi, bei ni kiasi gani. Kipigeni picha siku ya kwanza, kabla upepo haujakiangusha. Kazi isiyo na kibao mnaweza kuanza nayo barua yenu ya kwanza: tunaomba kibao.

Na yote yaandikwe katika daftari moja, kwa kalamu, siku ile ile, pamoja na tarehe na majina ya wawili walioona. Nyangwe ina sababu yake ya pekee ya kuheshimu maandishi ya siku ile ile. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa soko la Nyangwe, wengi wao wanawake, walipigwa risasi na watu wa wafanyabiashara wa utumwa. Waliouawa na waliozama Lualaba walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwepo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilichangia kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Lakini kuna jambo la pili ambalo si wengi wanalijua: mwaka 2011 wataalamu waliyasoma tena maandishi yale yaliyofifia kwa kutumia mwanga wa pekee, wakaona kwamba yanatofautiana na yale aliyoyanakili baadaye kwa utulivu. Hata shahidi mwema hupunguza na kuongeza akiandika kwa mara ya pili. Ndiyo maana tunasema daftari la siku ile ile, na ukikosea ukate kwa mstari mmoja ili maneno ya kwanza yaendelee kusomeka.

Kanisa likiwa na mkono ndani yake

Kuna jambo lisilopendeza kusemwa, nasi tutalisema. Shule nyingi za serikali katika vijiji vyetu zinaongozwa na makanisa. Ndivyo ilivyo tangu mapatano ya 1977. Shule mpya ikijengwa, mara nyingi ni shule "yetu". Kampuni inapoleta manjanja ya kuezeka shule, na mengine ishirini yakaonekana juu ya nyumba ya pasta, nani atauliza? Kampuni ikitoa mchango mnono siku ya mavuno, kamati itaandika nini katika daftari juma linalofuata? Zawadi ya namna hiyo tunaiona kuwa bei ya kunyamaza, hata ikitolewa kwa tabasamu. Zisipokelewe mpaka jengo likabidhiwe, na wahesabuji wasiwe watu wa familia ya pasta wala ya mkurugenzi wa shule.

Kitabu cha Ezra, sura ya 8, kina mfano ambao tungependa usomwe katika kila kamati. Kabla ya safari ya kwenda Yerusalemu, Ezra aliwapimia makuhani kumi na wawili fedha na dhahabu ya nyumba ya Mungu, talanta 650 za fedha zikiwa miongoni mwake. Walipofika, siku ya nne, vyote vikapimwa tena, kwa hesabu na kwa uzito, na uzito wote ukaandikwa. Hakuna aliyekuwa ameshitakiwa. Walikuwa makuhani, watu watakatifu, na bado mizani ilitumika mara mbili: kwenye kutoka na kwenye kufika.

Mizani ya pande zote mbili ndiyo iliyosaidia pia Uganda, jirani zetu. Uchunguzi uliofanyika huko ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ambayo serikali kuu ilikuwa imezitumia, mishahara ikiwekwa kando. Nyingine ilibaki njiani, wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya fedha ilikuwa inafika. Wataalamu wamebishana kama ni magazeti yaliyoleta badiliko hilo, kwa kuwa wakati ule ule namna ya kutuma fedha ilibadilishwa pia. Sisi tunakubali mabishano hayo, lakini karatasi ukutani ina gharama ya gundi tu, na hakuna shule yetu iliyo maskini mno kuibandika.

Kuuliza bila kujitia hatarini

Katiba yetu, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Kifungu cha 27 kina nguvu zaidi kwa kazi hii, na ni wachache wanaokijua: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kupeleka ombi la maandishi kwa mwenye mamlaka, naye anapaswa kujibu katika miezi mitatu, na hakuna anayeruhusiwa kumshitaki mtu kwa sababu amepeleka ombi hilo.

Tunajua umbali uliopo kati ya katiba na kizuizi cha barabarani, hasa Kabambare, penye watu wa silaha. Kwa hiyo msimtume mtu mmoja. Barua iwe na sahihi nyingi: wazee wa kanisa, akina mama wa soko, mwalimu, na ndugu zetu Waislamu pia, ambao huko Kasongo na Nyangwe ni wengi na watoto wao wanasoma shule zile zile. Msipige picha za askari wala kambi. Msitaje jina la mtu kuwa mwizi, si mimbarani, si kwenye WhatsApp. Andikeni mlichokiona na mkiulizie: tarehe fulani tulikuta kuta za madarasa matatu, mkataba ulikuwa wa miezi minane, tunaomba kujua malipo yaliyokwisha kufanywa na siku ya kumaliza.

Barua ya kwanza iende kwa administrateri wa teritwari, nakala kwa msimamizi aliyeandikwa kwenye kibao na kwa wajumbe mliowachagua wa Kindu na Kinshasa. Mpeni nakala pia mkaguzi wa kazi akipita. Huyo ndiye anayetia sahihi kwamba kazi imefanyika kabla kampuni haijalipwa, na akijua kwamba kijiji kina daftari, atapima kwa uangalifu zaidi. Jibu lisipopatikana baada ya miezi mitatu, ombi hilo pamoja na daftari vinaweza kupelekwa kwa wakaguzi wa fedha wa IGF au Mahakama ya Hesabu. Mashirika ya raia kama ODEP na CREFDL, yanayofuatilia bajeti kutoka Kinshasa, nayo yanahitaji sana habari za kutoka mahali kama Nyangwe, ambako wao hawafiki kwa urahisi.

Jengo likiisha, kuna makabidhiano mara mbili. Ya kwanza ni ya muda. Siku hiyo huwa na hotuba, utepe na nyama ya mbuzi. Ya pili, ya mwisho, kwa kawaida huja baada ya mwaka mmoja, na mpaka hapo sehemu ya fedha ya kampuni huzuiliwa kuwa dhamana ya kurekebisha kasoro. Siku hii ya pili hupita kimya, watu wachache tu wakiwepo. Andikeni tarehe yake katika daftari siku ile ile ya utepe. Mvua za mwaka mzima zitakuwa zimekwisha kupita juu ya paa lile. Nendeni na mkaguzi, mwonyesheni nyufa, mapaa yanayovuja na milango isiyofunga, naye aziandike kabla hajatia sahihi.